Zulia la Pikapu

Jumatatu, 2 Machi

Leo Bosi amenikabidhi pikapu kuukuu iliyolala nyuma ya stoo tangu kabla sijaajiriwa. Sikukabidhiwa niendeshe, maana kuendesha sijui. Nimekabidhiwa ndani yake.

"Injini imeshatazamwa, inatembea," alisema, funguo zikining'inia kidoleni. "Ila ndani ni aibu. Wageni wa makao makuu wanakuja mwishoni mwa Aprili kuwazungukia wateja wetu wa mbegu na chakula cha kuku, na sitaki wakalie springi. Nataka ndani paonekane pa watu. Kinachoshoneka kishonwe, kinachofulika kifuliwe, kununua kuwe mwisho kabisa. Huo ndio mtihani wako, kijana."

Alisema mtihani, na mimi, karani mpya, bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Kwa nini mimi? Yupo Mama Stoo, aliyeanza kazi hapa kabla ya paa kuezekwa. Yupo dereva, ambaye gari ni lake kuliko la mtu yeyote. Niliuliza kwa heshima. Bosi akajibu, "Kwa sababu wewe bado hujazoeana na watu."

Sijui kama hiyo ni sifa. Amerudi makao makuu mchana. Wingu limetanda.

Jumanne, 3 Machi

Nimeikagua pamoja na Dereva. Kiti ni kimoja kirefu cha watu watatu. Upande wa abiria springi zimetoboa na kuchungulia nje. Kitambaa cha paa kimeachia gundi na kuning'inia kama chandarua kilichokatika kamba. Vibao vya milango vimevimba kwa maji. Kioo cha kushoto kinapandishwa kwa koleo, kwa sababu mkono wake ulishapotea. Chini hakuna zulia kabisa, ni bati tupu lenye kutu. Harufu ni ya mbwa aliyelowa, ingawa hakuna mbwa.

"Msomi," Dereva akaniuliza, "utaanzia wapi?"

"Kwenye kiti, kaka Dereva."

"Ningekuwa wewe ningeanzia kwenye kutubu."

Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Halafu, kana kwamba halimhusu: "Na zulia litanunuliwa? Litafika lini?"

Kwa nini anataka kujua siku ya kufika zulia?

Niandike hapa kwamba Dereva watu wote wanamwita Panya, hata Bosi, hata wateja. Mama Stoo ananiambia jina alilipata enzi za wembamba wake, alipojipenyeza ndani ya mdomo wa mashine ya kuchanganyia chakula cha kuku akauzibua, mafundi wakiwa wameshindwa. Sasa ana tumbo, lakini jina limebaki. Mimi simwiti hivyo. Nililelewa kwamba jina la utani ni la waliozoeana. Mgeni akilitumia ni utovu wa adabu. Namwita kaka Dereva.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua imeanza. Bati la ofisi linapiga kelele hata simu haisikiki.

Jumatatu, 9 Machi

Fundi wa viti amekuja kupima. Karakana yake iko mtaa wa nyuma, na kumbe yeye na Dereva ni marafiki wa tangu utoto. Niliwakuta wameinamiana juu ya kiti wakinong'ona. Nilipofika wakanyamaza. Fundi akaanza kupima sehemu ambayo alikuwa ameshaipima. Nilimwona kwa macho yangu akiipima mwanzo.

"Kuna tatizo?" niliuliza.

"Tatizo ni makalio ya binadamu," Fundi akajibu. "Hakuna kiti kinachoyashinda."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilitabasamu kwa adabu, nikaandika vipimo mara mbili, katika karatasi mbili tofauti.

Ijumaa, 13 Machi

Kiti kimefunguliwa. Sponji ya zamani imekatika vipande vipande. Dereva alikusanya vile vipande kwa mguu, akauliza, "Msomi, haya makapi yana mwenyewe?"

Nikasema sijui, nitauliza. Sikuuliza. Nani atampigia Bosi simu kwa ajili ya sponji iliyooza? Lakini jioni makapi hayakuwepo, na Dereva alipotoka getini koti lake la mvua lilikuwa limetuna kama mama mjamzito.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Nimekwangua kutu kwa msasa tangu asubuhi. Pua yangu inatoa rangi ya matofali.

Alhamisi, 19 Machi

Maji yanaingia. Tumegundua yanapita kwenye mpira wa kioo cha mbele. Sisemi "tumegundua" kwa maana nzuri: Dereva aliona doa akanyamaza, mimi nikaliona baadaye nikauliza, ndipo akasema, "Ah, hilo? Hilo la siku nyingi." Mtu anayenyamaza kuhusu doa ananyamaza kuhusu mangapi?

Halafu kuna jambo hili. Kila mchana, mvua ikiwa kubwa, Dereva anaingia ndani ya pikapu na kufunga milango. Vioo vinafunga ukungu. Hatoki mpaka muda wa chakula uishe. Anafanya nini katika gari lisilo na kiti?

Nilimweleza Dada, ambaye ninaishi kwake. Alikuwa anapiga pasi.

"Analala," alisema.

"Kwenye bati tupu?"

"Mtu aliyechoka analala hata juu ya kisu. Wewe, mdogo wangu, unaona wezi hata kwenye picha ya ukutani."

"Kikulacho ki nguoni mwako, Dada."

"Basi vua nguo, nizipige pasi."

Ijumaa, 20 Machi

Nimebana unyuzi kwenye mlango wa pikapu asubuhi. Baada ya chakula nimeukuta umekatika. Sijui nilitegemea nini, kwa kuwa nilimwona akiingia.

Jumanne, 24 Machi

Siku njema. Mpira wa kioo umezibwa, mvua imenyesha na bati limebaki kavu. Nimepaka rangi ya kuzuia kutu. Fundi amepata kipande cha zulia la kijivu, masalio ya ofisi moja iliyotandikiwa sakafu, kinatosha pikapu nzima. Alisema chini ya zulia lazima kiwekwe kitu kizito cha kuzuia joto na kelele, na hicho si rahisi kukipata kwa bei ya masalio.

Hapo nikapata wazo, na ninaliandika kwa fahari kidogo: magunia. Stoo imejaa magunia matupu ya chakula cha kuku, ambayo huchomwa tu kila mwezi. Ukiyapanga mawili mawili yanakuwa mazito na laini. Fundi alikuna shingo. "Wewe ndiye mwenye zulia," alisema. Mama Stoo alinipa magunia mwenyewe.

"Utayafua, mwanangu?"

"Nimeyakung'uta, Mama."

"Haya."

Alhamisi, 26 Machi

Zulia limetandikwa. Sponji mpya imeingia kwenye kiti, bado haijavishwa ngozi bandia. Nilikaa upande wa abiria nikafunga mlango. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikuogopa kitu chochote kwa dakika kadhaa. Dereva aligonga kioo. "Msomi, ukimaliza kuota nipishe nami nijaribu." Sikupenda alivyolitazama zulia.

Jumatatu, 30 Machi

Siku mbaya kuliko zote.

Nilifungua mlango asubuhi nikakuta nyuzi. Zulia chini ya pedeli limetafunwa mpaka magunia yanaonekana, na magunia nayo yametobolewa, na sponji mpya ya upande wa dereva imechimbwa shimo la kuingia ngumi. Vinyesi vyeusi kila mahali. Panya. Walifuata harufu ya pumba na samaki wakavu iliyobaki kwenye magunia yangu, yale niliyoyakung'uta tu.

Nilikaa kwenye ngazi ya stoo. Halafu nikawaza kwamba Bosi akisikia kwa mdomo wa mtu mwingine itakuwa mbaya zaidi. Nikapiga simu. Mvua ilikuwa inapiga bati, nikalazimika kupaza sauti. Nimejaribu kukumbuka maneno yote.

"Bosi, kuna tatizo la pikapu. Zulia limeliwa."

"Limeliwa na nani?"

"Na panya, Bosi."

Nilisikia mvua tu. Nikafikiri laini imekatika.

"Lote?"

"Nusu. Na sponji pia. Upande wa dereva ndio zaidi."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Hapana, Bosi. Nimeona alama zake tu."

"Nilijua," alisema polepole. "Siku nyingi nilijua, nilikosa mtu wa kunithibitishia. Paka akitoka panya hutawala."

Nilicheka, kwa sababu Bosi akitoa methali mtu hucheka. Na kwa sababu hakunifokea. Hakuuliza hata neno moja kuhusu magunia, nami sikuyataja.

"Nimtege, Bosi?"

"Usimtege, atashtuka. Wewe endelea na kazi kama hujui kitu, usimwambie yeyote. Nitamshughulikia mimi."

Nadhani atatuma sumu kutoka makao makuu. Sumu ya huko ni kali.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Sumu haijafika. Pikapu naifunga na ufunguo wake nautembeza mfukoni, nisiulizwe kuhusu zulia.

Jumatatu, 6 Aprili

Dereva amesimamishwa kazi.

Mama Stoo alipokea ujumbe kwenye simu yake, akausoma, akavua miwani, akausoma tena. Kisha akatoka kwenye mvua bila kujifunika, akaenda kumwita. Niliwaona kupitia dirishani. Dereva alidhani ni mzaha, alimpiga Mama Stoo begani. Kisha akaacha kucheka. Alirudisha funguo zote mezani kwangu, moja baada ya nyingine, bila kunitazama.

"Kosa gani?" nilimuuliza Mama Stoo.

"Wizi, wamesema. Wizi wa mali ya ofisi. Basi, hakuna zaidi."

Naandika ukweli: nilichokisikia kwanza moyoni ni ahueni. Kumbe sikuwa mwendawazimu. Zile sponji chini ya koti, kule kunong'ona, ile milango iliyofungwa, kumbe Bosi naye alikuwa akiona, huko huko aliko. Labda ni mafuta ya gari. Labda ni zaidi. Nilimwambia Dada, "Unaona?" Dada akasema, "Sijaona kitu bado."

Jumanne, 7 Aprili

Nimeng'oa zulia. Chini ya magunia kulikuwa na kiota, watoto wekundu wasio na manyoya, macho hayajafunguka. Mama Stoo aliwaondoa kwa kizoleo, mimi sikuweza. Nimetoa magunia yote nikayachoma. Bati nimelisugua kwa sabuni na siki mpaka harufu ya pumba ikaisha.

Nimepeleka zulia karakanani. Fundi atakata kipande kilichotafunwa na kuweka kiraka cha masalio yale yale. Hakusema chochote. Hata kuhusu makalio.

Ijumaa, 10 Aprili

Bosi amepiga simu. Sikuwahi kumsikia akiwa na sauti ile, kama baba aliyefurahi.

"Kijana, nimeshazungumza na wakubwa. Barua yako ya kuthibitishwa kazini nakuja nayo mwenyewe, siku ya wageni."

Nilisimama. Nilikuwa peke yangu ofisini lakini nilisimama. Nikashukuru mara nyingi mno.

"Usinishukuru mimi. Nimewaambia: makarani watatu wamepita hapo, wote waliona, wote walimwogopa. Huyu kijana alichukua simu akasema waziwazi, zulia limeliwa na Panya. Hata upande wa dereva hakuficha. Mtu wa hivyo ndiye ninayemtaka kwenye hesabu zangu."

Nilikuwa nimefungua mdomo niseme asante tena. Haikutoka.

"Upo?"

"Nipo, Bosi."

"Furaha hiyo. Nenda kawaambie nyumbani."

Nimekaa na kalamu muda mrefu. Sasa nasikia kila neno la simu ile ya kwanza, na kila neno lina mkia na halina mkia. Umemwona kwa macho yako. Nimeona alama zake. Nimtege, Bosi. Mimi, ambaye sijawahi kumwita mtu yule kwa jina hilo hata mara moja. Bosi angejuaje? Kwake yeye Panya ni mmoja tu katika ofisi hii.

Dada ameniuliza kulikoni. Nimemwambia nimethibitishwa kazini. Amenikumbatia.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Sikupiga simu.

Jumanne, 14 Aprili

Sikupiga. Laini ilikuwa mbaya. Sikuijaribu, lakini kwa mvua ile lazima ilikuwa mbaya.

Alhamisi, 16 Aprili

Dereva alikuja getini. Mlinzi hakumruhusu kuingia, nikaitwa mimi. Alikuwa amesimama chini ya mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika, mvua ikimmwagikia bega moja.

"Msomi, shikamoo ya mtu mzima kwa mtoto haipo, lakini leo ningekupa," alisema. "Nisaidie neno moja tu. Wewe unajua kila kinachoingia na kutoka kwenye lile gari. Nimepigiwa simu makao makuu nikaambiwa nimekula zulia. Zulia gani?"

"Walikuambia hivyo?"

"Hivyo hivyo. Nyumbani kwangu hata mkeka ni wa kuazima. Zulia nilitandike wapi, kichwani?" Alijaribu kucheka. "Sponji nilichukua, sikatai. Nilikuuliza mbele ya Fundi, hukunikataza. Paa langu linavuja juu ya kitanda cha watoto, nimeziba pale ukutani mvua inapoingilia. Usiku kucha tunahamisha ndoo, mchana nakuja kulala kwenye pikapu. Hayo ndiyo makosa yangu, yaandike. Lakini zulia?"

Nilimtazama mkono wake ulioshika mwavuli. Nikasema, "Sijui, kaka Dereva. Labda Bosi mwenyewe."

"Humwulizi?"

"Nitajaribu."

Akaitikia kwa kichwa. "Haya, mwanangu. Jaribu."

Hajawahi kuniita mwanangu.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimeanza kumshuku Mama Stoo. Ananitazama juu ya miwani. Nilipokwenda kuomba uzi wa kushonea vibao vya milango alisema, "Tangu Panya aondoke, panya wamezidi stoo," kisha akasubiri, kama mwalimu anayesubiri darasa lijibu. Nilichukua uzi nikatoka.

Fundi naye. Mlinzi naye, kwa nini hanisalimii kwanza? Dada naye, kwa nini anapika vizuri wiki hii?

Hakuna hata mmoja anayejua. Nimelipima hilo kila upande. Anayejua ni mimi peke yangu, na ndiye ninayemkuta kila ninapogeuka.

Jumatatu, 20 Aprili

Kitambaa cha paa kimebandikwa. Kimenyooka vizuri.

Jumatano, 22 Aprili

Kiti kimevishwa ngozi bandia nyeusi, mshono wa kijivu. Kiraka cha zulia hakionekani mpaka uambiwe kilipo. Mkono wa kupandishia kioo Fundi ameupata kwenye gari lililokufa. Kila kitu kinang'aa. Nilifungua mlango nikakosa nguvu ya kukaa.

"Kaa," Fundi alisema. "Si umekitengeneza?"

"Kesho."

"Panya alikuwa anakisubiri kiti hiki kuliko wewe. Aliniomba niweke springi ngumu upande wa dereva, kwa ajili ya mgongo wake. Ndiyo siku ile ulipotukuta tunanong'ona. Alikuwa anaona haya, eti kijana atafikiri nadeka." Akafunga begi lake la vifaa. "Nimeziweka."

Jumatatu, 27 Aprili

Kesho wageni. Nimeandika kwenye karatasi nitakavyosema, nikaisoma, ikawa kama maombi ya kazi. Nimeichana.

Jumanne, 28 Aprili

Wageni walikunywa chai ofisini na Mama Stoo. Bosi alitaka kuiona pikapu kwanza peke yake. Aliingia, akakaa upande wa dereva, akapiga kiti kwa kiganja, akapandisha kioo akakishusha. Akaniashiria nikae upande wa pili. Alitoa bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti akaiweka juu ya dashibodi.

"Umefaulu," alisema. "Na zulia? Ulilinunua upya?"

"Lile lile, Bosi. Lina kiraka."

"Kiraka? Si liliibwa?"

"Halikuibwa. Lililiwa."

"Ndiyo, na Panya."

"Na panya wa mkia, Bosi."

Alinigeukia taratibu. Niliendelea haraka kabla sauti haijanitoroka. "Wa shimoni. Niliweka magunia ya chakula cha kuku chini ya zulia, sikuyafua, wakaja wakatafuna. Siku ile kwenye simu nilikuwa namaanisha hao. Dereva mimi simwiti Panya. Hakuchukua kitu ila makapi ya sponji, na aliniuliza."

Mvua ilikuwa nyepesi. Niliitazama kwenye kioo ikishuka.

"Ulijua lini kwamba nimekuelewa vibaya?"

"Siku uliyonipigia kuhusu barua."

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo, Bosi."

"Kwa hiyo mtu amekaa nyumbani na watoto wake kwa sababu ya neno moja, na wewe umekaa hapa unashona viti." Hakupaza sauti. Alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeendesha. Halafu akasema, chini, si kwangu: "Na mimi sikumwita nikamwuliza."

Alichukua bahasha akairudisha mfukoni.

"Hii siisaini. Majaribio yako yanaanza upya. Sasa nenda ukamlete. Usimpigie simu, nenda kwa miguu. Akikataa, usije kuniambia amekataa. Njoo uniambie alichosema."

Jumatano, 29 Aprili

Mke wa Dereva alinielekeza mtoni, kwenye machimbo ya mchanga. Hakuniuliza mimi ni nani, nadhani alijua. Ukutani juu ya kitanda niliona vipande vya sponji ya manjano vimeshindiliwa kwenye ufa.

Dereva alikuwa anapakia mchanga kwenye lori kwa beleshi, pamoja na wanaume wengine. Hakuacha.

"Kaka Dereva, nimekuja."

"Nimekuona."

Nilisema yote pale pale, nimesimama kwenye matope, kwa sauti ya kushinda mabeleshi. Nilipofika kwenye maneno ya simu wenzake waliangua kicheko. Mmoja alikaa chini kabisa. Hata mimi ningecheka, kama ingekuwa habari ya watu wengine. Yeye hakucheka. Alichomeka beleshi mchangani.

"Yaani panya. Panya huyu anayekula mahindi."

"Ndiyo, kaka."

"Bosi akasikia mimi."

"Ndiyo."

"Hilo ni sikio. Sikio halina kosa, na mvua hii." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Siku ile nilipokuja getini nikakuuliza, ulikuwa umeshajua?"

Nilitaka kutazama chini. Sikutazama.

"Nilikuwa nimeshajua."

"Basi la simu tuachie masikio. La getini ni lako." Aliling'oa beleshi. "Mwambie Bosi Jumatatu nitakuja. Nina watoto, siwezi kula hasira. Lakini usinishukuru, na usiniombe kitu. Bado sijaamua."

Nilirudi ofisini, Bosi alikuwa ameshaondoka, nikampigia nikamweleza neno kwa neno, kama alivyosema. Akaitikia "Sawa" na kukata simu.

Jumatatu, 4 Mei

Dereva amerudi. Mama Stoo alimshika mikono yote miwili kwa muda mrefu, na Mlinzi alimfungulia geti mabawa yote mawili kama anapita mkuu. Tulikuwa na mbegu za kupeleka kwa wateja wa mbali, na mimi ndiye mwenye stakabadhi, kwa hiyo lazima niende naye.

Alizunguka pikapu nzima. Akafungua mlango wake, akakaa, akajisogeza nyuma mpaka mgongo ukafika kwenye springi zake. Alifumba macho kidogo. Kisha aliinama akapapasa zulia chini ya pedeli mpaka vidole vyake vikakuta kiraka.

Nilifungua mlango wa abiria.

"Funga," alisema bila kugeuka. "Panda nyuma."

Nilifunga taratibu, nikapanda juu ya magunia ya mbegu, nikajishikilia kwenye bomba la chuma nyuma ya kibanda. Mvua ilitukuta hata hatujatoka barabara ya lami. Kupitia kioo kidogo cha nyuma niliona nafasi yangu ilivyokaa, nyeusi na kavu, mshono wa kijivu umenyooka kama nilivyotaka. Dereva hakuongeza mwendo wala kupunguza. Penye mashimo aliyakwepa. Sijui kama aliyakwepa kwa ajili yangu au kwa ajili ya mbegu, na nimejikataza kulichunguza.

Kwa kila mteja nilishuka, nikasainiwa stakabadhi, nikapanda nyuma tena. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Nimefika nyumbani nimelowa mpaka ndani ya mifuko. Dada alinitazama, akanipa taulo. Kesho tuna wateja wa upande wa pili. Nitavaa koti.